Nikisali saa tisa usiku, mchana nawafokea wanangu

Tumsifu Yesu Kristo, Shangazi.

Mimi ni mama wa miaka 37, naishi Gongo la Mboto, nyumba ya kupanga, chumba na sebule. Nina watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne. Baba watoto anaendesha bajaji ya mtu, kila jioni anapeleka hesabu. Mimi ni mama lishe Buguruni, jirani na magereji.

Nilipomaliza kidato cha nne niliingia utawani, nikafika upostulanti, hatua ya mwanzo ya malezi. Mama akaugua, na mimi ndiye mtoto mkubwa, nikaruhusiwa kurudi nyumbani kumuuguza. Mama akafariki, wadogo zangu wakabaki mikononi mwangu, sikurudi tena. Baadaye nikaolewa. Mume wangu ni mtu mwema, silalamiki.

Mwaka jana WAWATA, sisi wanawake Wakatoliki wa parokia yetu, tulikwenda hija Peramiho, monasteri ya Wabenedikto karibu na Songea. Shangazi, sijui nikueleze vipi. Alfajiri kengele ikalia, tukaingia kanisani, wale wamonaki wakaanza kuimba zaburi, upande huu unaimba, upande ule unaitikia, taratibu, hakuna aliyeharakisha kumaliza. Nililia. Ilikuwa kama niko ugenini miaka mingi, halafu nikasikia mtu anaongea lugha ya kwetu.

Niliporudi nikaamua na mimi niishi hivyo. Nikanunua kitabu cha Masifu, zile zaburi na sala za kila saa ya siku. Nikaandika ratiba nikaibandika ndani ya mlango wa kabati: saa tisa usiku kukesha, alfajiri masifu, saa tatu, saa sita, saa tisa mchana, jioni, na kabla ya kulala. Mara saba, kama zaburi inavyosema, "Mara saba kila siku nakusifu."

Sasa hali halisi. Nalala saa sita usiku, maana lazima nichambue mchele, niloweke maharage, nifue. Kuna baa nyuma ya nyumba. Saa tisa naamka, saa kumi na moja niko kituoni nasubiri daladala. Mama mkwe alipata kiharusi mwezi wa tatu, yuko nasi sebuleni, upande mmoja haufanyi kazi. Anaita kila baada ya muda ageuzwe. Na Shangazi, anaita pale pale ninapofungua kitabu. Siku moja nilijifanya sisikii mpaka nimalize zaburi. Nilipokwenda nilikuta ameshalowesha shuka, analia kimyakimya. Hilo limenikaa rohoni.

Binti yangu wa kwanza, ana miaka kumi na miwili, aliniambia: "Mama, siku hizi ukitoka kusali unakuwa mkali." Baba yao naye akasema kama nilitaka utawa ningebaki huko huko. Mchana nasinzia juu ya masufuria, nafokea wateja, nafokea watoto, na kichwani ninawaza marejesho ya ule mkopo wa kausha damu niliochukua mama mkwe alipolazwa, ambao baba watoto haujui. Jirani yangu wa kazini, Mama Zuhura, adhuhuri ikifika ananiambia "niangalizie chungu," anatandika mkeka nyuma ya banda, anaswali, anarudi anacheka. Mimi hata saa sita moja sijawahi kuisali vizuri.

Naomba uniambie ukweli. Niache? Au nilikosea wito wangu siku ile niliyotoka utawani, na sasa Mungu ananipa makombo? Kuna siku kwenye daladala nawaza niende Mbezi, nipande basi la Songea, nisirudi.

Mama Watatu, Gongo la Mboto

*

Milele amina, mwanangu.

Usiache. Lakini ile ratiba ibandue kabatini leo, kabla hujaendelea kusoma.

Nakuambia hivyo kwa sababu unajitendea ukali ambao Mtakatifu Benedikto mwenyewe hakuwatendea wamonaki wake. Kanuni yake, kitabu cha taratibu za maisha ya wamonaki, ina sura 73, aliiandika Italia katika karne ya sita, na sura ya nane, juu ya sala za usiku, inajali kitu ulichokisahau kabisa: usingizi. Anasema wakati wa baridi ndugu waamke saa nane ya usiku, na anatoa sababu: wawe wamelala kupita kidogo nusu ya usiku, na chakula kiwe kimeshasagika tumboni. Hao walikula chakula cha jioni mwanga ukiwa bado upo, wakalala giza lilipoingia. Na kuanzia Pasaka mpaka Oktoba, baada ya chakula cha mchana, aliwaruhusu wajilaze vitandani mwao, kimya. Wewe unalala saa sita ya usiku na kuamka saa tisa, kisha unasimama motoni mpaka jioni. Monaki aliyefanya hivyo angeitwa na abate wake, mkuu wa monasteri, akaambiwa akalale.

Hapo ndipo penye shida ya kwanza: huna abate. Katika sura ya 49, juu ya Kwaresima, Benedikto anasema monaki akitaka kujiongezea sala au mfungo, amweleze abate, na afanye kwa ruhusa yake. Akijiongezea bila ruhusa, hiyo inahesabiwa kiburi na majisifu, haina thawabu. Ni neno gumu, najua, nami sikuambii kwamba wewe una kiburi. Nakuambia kwamba ratiba uliyojipangia peke yako, usiku, bila mtu wa kukuambia "hapo umezidisha," haikuwa utawa uliouona Peramiho. Ulichukua saa za wamonaki ukaacha utii wao, na katika vitu hivyo viwili utii ndio unaombadilisha mtu. Tafuta mtu. Paroko wako, au yule sista aliyekulea upostulanti kama bado yupo, au mama mtu mzima wa jumuiya anayejua kunyamaza. Mwonyeshe siku yako yote ilivyo, umwache aipunguze.

Sasa nizungumze juu ya kengele, maana naona imekuteka moyo.

Benedikto anaagiza kwamba ishara ya sala ikisikika, ndugu aache alichoshika mkononi, hata kama hakijakamilika, aende. Kabla yake, wamonaki wa Misri waliacha hata herufi waliyoianza bila kuimaliza. Watu wanafikiri ukuu wa jambo hilo ni kwamba sala inapita kazi, na ni kweli, sura ya 43 inasema kitu chochote kisitangulizwe mbele ya Kazi ya Mungu, yaani sala ya pamoja. Lakini mwangalie huyo monaki anayesimama. Hakuchagua yeye wakati wa kusimama. Pengine alikuwa amefika mahali patamu. Kengele haikumuuliza. Kazi ya kengele ni kumvua mtu mapenzi yake, mara nyingi kwa siku, mpaka azoee kuwa wa mwenzake.

Na Benedikto huyo huyo, sura ya 36, anasema wagonjwa watunzwe kabla ya yote na juu ya yote, wahudumiwe kama Kristo mwenyewe, kwa sababu Yeye alisema, "Nilikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Kabla ya yote na juu ya yote. Kwa hiyo, mwanangu, mama mkwe anapoita, hiyo ndiyo kengele yako. Imekulia ukiwa katikati ya zaburi, nawe hukuiacha zaburi. Ulimaliza herufi.

Nakuandikia haya bila kukunyooshea kidole. Nilimuuguza marehemu mume wangu miaka miwili na nusu, kiharusi pia, na kuna usiku nilifunika uso kwa khanga nisisikie. Najua shuka lililolowa lina uzito gani saa kumi usiku, na maji ya ndoo ni ya kuhesabu. Lipeleke kwenye kitubio, kisha umwombe mama msamaha kwa mdomo wako. Hata kama hawezi kujibu vizuri, anasikia. Baadaye jaribu jambo moja: unapomgeuza, anza zaburi unayoijua kwa moyo, kwa sauti, pamoja naye. "Bwana ndiye mchungaji wangu" inatosha kumgeuza na kumfuta. Mimi niligundua kwamba mume wangu, ambaye maneno yalikuwa yamempotea, "Baba Yetu" aliitikia mpaka mwisho. Huo ulikuwa upande huu na upande ule, kama ulivyosikia Peramiho.

Umemtaja Mama Zuhura nusu kwa wivu. Nimefurahi umemtaja, maana anakufundisha bila kujua. Yeye ana banda, moto na wateja kama wewe, na haondoki mbali. Anatandika mkeka nyuma ya banda, dakika chache, anarudi. Sisi wa Dar tumekulia katika mji ambao adhana na kengele vinasikika mtaa mmoja, na bado tunadhani sala inahitaji basi la Songea.

Halafu kuna jambo ambalo sisi Waswahili tumepewa bure. Saa za kale za sala, ile ya tatu, ya sita na ya tisa, ndizo hizi hizi za saa zetu. Warumi walihesabu kuanzia macheo kama tunavyohesabu sisi. Petro na Yohana walipopanda hekaluni kusali saa tisa, ilikuwa saa tisa yako ya Buguruni, alasiri, jua limeanza kulegea. Wengine duniani lazima wapige hesabu waelewe. Wewe unatazama saa tu.

Kwa hiyo nimeutazama mchana wako wa mama lishe. Saa tatu, wa chai na chapati wamepungua, wali bado. Saa sita, foleni ya mafundi wenye njaa, hapo hakuna kitabu. Saa tisa, unasugua masufuria. Saa tatu simama kando ya moto, sema mstari mmoja: "Ee Mungu, uniokoe; Ee Bwana, unisaidie hima." Ni Zaburi ya 70. Yohane Kasiano, aliyekaa na wamonaki wa Misri miaka mingi kisha akaandika mafundisho yao, anasimulia kwamba wazee wa jangwani waliuchukua mstari huo mmoja uwe sala ya kila saa, ya anayelala, anayepika, anayejaribiwa, anayesafiri. Ndio mstari ambao mpaka leo unafungua Masifu kwenye kitabu chako. Hukosi kitu ukiusema peke yake.

Saa sita usijaribu kusali. Pakua. Sura ya 53 inasema wageni wote wapokewe kama Kristo, na huyo fundi mwenye mikono ya grisi anayesema "mama niongezee mchuzi" ni mgeni. Hapo sala yako ni kutomfokea. Naona ni ngumu kuliko zaburi saba.

Saa tisa ni yako zaidi. Benedikto alimwagiza mtunza ghala wa monasteri avitazame vyombo vyote na mali yote kama vyombo vitakatifu vya altare. Vyombo vyote, siyo vya sakristia tu, na koleo na sufuria vimo. Sugua taratibu. Kama kuna ukimya wowote Buguruni, uko saa hiyo. Na ukiwa kwenye daladala, umesimama, begi la mtu liko mbavuni, kumbuka sura ya 50: ndugu wanaofanya kazi mbali na wasioweza kufika kanisani kwa wakati, wasali pale pale walipo. Benedikto hakuwaona kama wamonaki wa daraja la pili.

Kile kitabu cha Masifu usikitupe. Kifungue jioni moja kwa juma, au Jumapili baada ya Misa. Zaburi moja. Anayekuambia kwamba ni kidogo mwambie kwamba Abate anaagizwa, sura ya 64, akumbuke maneno ya Yakobo katika Mwanzo, kwamba kundi likikimbizwa sana siku moja, wanyama wote watakufa. Binti yako amekuambia jambo hilo hilo kwa maneno yake. Msikilize. Neno la kwanza la Kanuni yote ni "Sikiliza."

Juu ya makombo.

Ulitoka utawani kumuuguza mama yako. Mtoto wa kwanza akamwosha mama yake mpaka akamzika, kisha akawalea wadogo zake, unaniuliza kama huo ulikuwa uasi wa wito? Kuna simulizi ya kale ya Antoni wa Misri, baba wa wamonaki, aliyekaa jangwani miongo mingi. Akiwa huko alifunuliwa kwamba mjini yupo mtu aliye sawa naye. Alikuwa tabibu. Kilichomzidi aliwapa maskini, na mchana kutwa aliimba pamoja na malaika, "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu." Wamonaki wenyewe ndio walioitunza simulizi hiyo, wakaifundisha vijana wao. Wangeweza kuificha.

Na hilo wazo la basi la Songea, wamonaki wanalijua kuliko wewe. Evagrio wa Ponto, aliyeishi jangwani Misri karne ya nne, ameeleza uchovu wa roho unaokuja adhuhuri: jua linaonekana limesimama, siku kama ina saa hamsini, monaki anachungulia dirishani, anachukia chumba chake, anachukia kazi ya mikono yake, kisha anashawishika kwamba mahali pengine angempendeza Mungu kwa urahisi zaidi. Waliokuwa kwenye vyumba vyao vya jangwani walitamani kukimbia, kama wewe unavyotamani kukimbia chumba na sebule. Ndiyo maana Wabenedikto wanaapa kubaki. Ni moja ya nadhiri zao, kubaki na watu wale wale, na kelele zile zile, mpaka kufa. Wewe ulishaweka nadhiri ya namna hiyo, altareni.

Ukitamani mahali pa kwenda, nenda Pugu. Ni jirani kwako, bajaji ya baba watoto inafika. Wabenedikto wa kwanza walifika pwani yetu mwaka 1888, wakaanzia Pugu hapo hapo. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ikashambuliwa, baadhi yao wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Hawakuwa na ukimya, mwanangu. Baadaye walirudi, wakaendelea, na wao ndio waliojenga kanisa la Mtakatifu Yosefu pale Posta unalolipita ukienda feri. Peramiho yenyewe ilianza 1898, miaka kumi baada ya Pugu. Nenda nusu siku, umchukue na huyo binti wa miaka kumi na miwili.

Nimeacha deni mwisho, ingawa ndilo lililonishtua kwanza. Umeeleza kengele kwa mistari mingi, baa umeitaja, mkeka wa Mama Zuhura umeueleza vizuri, na deni umelipitisha katikati ya sentensi nyingine kama mtu anayepitisha kitu chini ya meza. Mtu mwenye mkopo wa kausha damu ambao mwenzake haujui, usingizi humwisha saa tisa usiku hata bila alamu. Jiulize mbele ya Mungu, siyo mbele yangu: saa ile ya usiku, ulikuwa unakwenda kusali au ulikuwa unakimbia hesabu? Pengine vyote viwili, na Mungu alipokea vyote viwili. Lakini ukali ambao watoto wanauona naamini unatoka hapo kuliko kwenye zaburi.

Benedikto anapopanga ngazi ya unyenyekevu, ngazi ya tano ni kutoficha lolote. Mwambie baba watoto. Chagua wakati ameshakula, hesabu ya bajaji imeshapelekwa, watoto wamelala. Mwambie ulikopa lini, kiasi gani, umebakiza kiasi gani, na kwamba ulikopa kwa ajili ya mama yake. Usianze na kujitetea, anza na kiasi. Kisha mkae pamoja muangalie karatasi za mkopo. Aliyewakopesha awe na leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo, na Benki Kuu ndiyo inayotoa. Halafu muulize kwenye kikoba chenu au SACCOS ya parokia kama wanaweza kuwakopesha mlilipe lote kwa mkupuo, mbaki na deni la riba ya kibinadamu. Na katika jumuiya, hali ya mama mkwe isemeni wazi. Watu wakijua kuna mgonjwa wa kugeuzwa, atapatikana wa kumkalia Jumamosi mchana ili wewe ulale. Kwa kuwa hukusema, hakuna aliyekuja.

Kuna walei wanaojiunga na monasteri bila kuondoka majumbani mwao, wanaitwa oblati, wanaishi Kanuni katika ndoa na kazi zao. Siku moja, deni likiisha na mama akipata nafuu au akipumzika, nenda ukaulize. Mwaka huu hapana.

Usiku wa leo usiweke alamu. Mama akiita, amka. Ukimaliza kumgeuza, sema ule mstari wa zaburi, wewe na yeye, mlale. Na ukishaongea na baba watoto, niandikie alichosema.

Shangazi